Bila Mtaro si Bila Kuchimba: Maneno ya Mabomba ya Maji Taka Kutoka Kisumu

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuwa mkalimani katika baraza la mtaa mmoja hapa Kisumu. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, lakini nimekaa Kaloleni ya Kisumu muda mrefu, na Kijaluo sasa kinanitoka bila kufikiri. Mhandisi wa mkandarasi alisimama akaeleza kwa Kiingereza kwamba bomba la maji taka litapitishwa chini ya mtaa kwa njia mpya isiyotaka mtaro. Mimi, kwa kutaka kufupisha, nikasema, "Hawatachimba." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja anayeuza omena, yaani dagaa wa ziwani, akauliza kama kibanda chake kitaguswa. Nikamjibu, "Hapana mama, hakuna kuchimba."

Wiki chache baadaye, hatua mbili kutoka kibanda kile, palikuwa na shimo refu la kwenda chini, limezungushiwa mabati. Wateja wakakosa pa kupita. Yule mama alikaa karibu miezi miwili akiuza kwa kuzunguka na beseni kichwani. Mkandarasi alipoulizwa alisema alikwisha kueleza, na kweli alieleza. Aliyekosea ni mimi. Mama alinitazama tu akasema, "Mwanangu, si ni wewe uliyeniambia?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaandika maneno haya daftarini, kila neno na maana yake na swali ambalo mkazi anapaswa kuuliza akilisikia. Nayaleta hapa kwa ndugu zangu wa pwani kwa sababu kazi za namna hii haziishii Kisumu. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa bado inategemea makaro na mashimo ya vyoo. Vichochoro vya Mji wa Kale na vya Lamu havina nafasi ya mtaro mpana. Siku bomba litakapoletwa, huenda likaja kwa njia hii, na atakayesimama barazani kutafsiri huenda akawa mtu kama mimi.

KWA NINI KISUMU

Kisumu imekaa kati ya vilima vya Riat na Kajulu na ukingo wa ziwa. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na mji ukakua kutoka bandarini kupanda juu. Maji taka yaliyo ndani ya mabomba yanapelekwa sehemu mbili kuu: mtambo wa Kisat, na mabwawa ya kusafishia ya Nyalenda. Yasiyofika huko yanaishia mitoni, na mito inaingia Ghuba ya Winam. Ghuba hiyo hiyo ndiyo mji unakovuta sehemu ya maji yake ya kunywa, pale Dunga. Kwa hiyo bomba linalovuja hapa ni jambo la jikoni kwa kila mtu.

Ardhi nayo haina huruma. Upande wa chini, kuelekea uwanda wa Kano, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Karibu na ziwa, ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Ukipanda kuelekea vilimani unakutana na miamba. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda kupita kipeo cha mwaka 1964, na wakazi wa fukoni waliona vyoo vyao vikijaa kutoka chini. Ongeza vichochoro vya Nyalenda, Manyatta na Obunga, ambako nyumba zinakaribia kugusana, ndipo utaelewa kwa nini wahandisi hutafuta njia ya kupitisha bomba bila kupasua ardhi kutoka mwanzo hadi mwisho.

MANENO YA MSINGI

Mtaro. Ni mchimbo mrefu ulio wazi juu. Angalia usichanganye na mfereji: kwetu pwani mfereji ni pale unapofungulia maji, ilhali vitabuni ni njia ya maji. Ujenzi wa kawaida huchimba mtaro, hulaza bomba, kisha hufukia.

Ujenzi bila mtaro. Ni jina la jumla la njia zote za kupitisha au kutengeneza bomba chini kwa chini. Bila mtaro haimaanishi bila shimo. Karibu kila njia hutaka shimo mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia. Fani yenyewe si ngeni, kwani jumuiya yake ya kimataifa iliundwa London mwaka 1986.

Bomba kuu na bomba tawi. Bomba kuu hubeba maji taka ya mtaa mzima. Tawi ni lile linalotoka nyumbani kwako kwenda kuliunga. Uliza mapema tawi ni la nani kulilipia na kulitunza, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Chemba. Ni kisima kidogo cha ukaguzi chenye kifuniko, kinachojengwa pale mabomba yanapokutana au kupinda. Vifuniko vya chuma huibwa vikauzwa kama vyuma chakavu, na takataka huingia. Chemba inayofurika masika mara nyingi imezibwa na takataka, au watu wameunganisha maji ya paa na bomba la maji taka. Maji ya mvua yana mtaro wake.

Mteremko. Maji taka mengi husafiri kwa kuteremka tu, bila pampu. Mteremko wa 1 kwa 100 maana yake bomba linashuka mita 1 kila mita 100. Ukiwa mdogo mno, maji hupita polepole na uchafu hutuama. Bomba likipinda likafanya tumbo katikati, tumbo hilo litazibika kila mara. Ndiyo sababu si kila njia ya bila mtaro inafaa maji taka.

Kina cha sakafu ya bomba. Ni kimo cha sehemu ya ndani ya chini kabisa ya bomba, pale maji yanapokanyaga. Ikiwa sakafu ya bomba kuu iko juu kuliko ya choo chako, maji yako hayatapanda kulifuata. Uliza namba hii kabla bomba halijapita.

MANENO YA KUPITISHA BOMBA JIPYA

Shimo la kusukumia na shimo la kupokelea. La kwanza ndiko mashine hushushwa, la pili ndiko hutokea. La kusukumia huwa kubwa zaidi kwa sababu hubeba jeki, reli za kuongozea, na ukuta wa kuegemea ulio nyuma ya jeki ili nguvu ipate pa kukanyaga. Hilo ndilo lililokaa mbele ya yule mama. Swali la barazani lisiwe "mtachimba?" bali "mashimo mawili yatakuwa wapi, mapana kiasi gani, na kwa muda gani?"

Kusukuma kwa jeki. Vipande vya bomba la zege husukumwa kimoja nyuma ya kingine huku udongo ukichimbwa mbele. Katika mabomba makubwa mtu anaweza kuingia ndani, na hapo usalama wake ni jambo la kwanza: hewa safi, kamba, na mtu wa juu asiyeondoka.

Maikrotaneli. Ni kusukuma kwa jeki vilevile, ila mashine ya mbele huongozwa kutoka juu na hakuna mtu anayeingia. Mwanga wa leza huishikisha mstari, kwa hiyo mteremko hutoka sahihi. Wajapani ndio walioikuza njia hii miaka ya 1970. Ni ghali, lakini kwa bomba la maji taka lenye kina kirefu ndani ya ardhi yenye maji huwa mara nyingi ndiyo inayofaa.

Keekee. Mafundi wa mashua wa Lamu hawahitaji maelezo. Keekee ile ya kutobolea mbao ndiyo hii, ila imekuwa kubwa na inalazwa. Huzunguka ndani ya bomba la chuma na kutoa udongo nyuma huku bomba likisukumwa mbele. Hufaa masafa mafupi, kama kuvuka barabara au reli. Haina usukani wa maana, kwa hiyo ikianza vibaya humaliza vibaya.

Ala. Kama ala ya kisu. Ni bomba la nje, mara nyingi la chuma, linalotangulizwa chini ya barabara au reli ili bomba lenyewe lipite ndani yake. Barabara ikitikisika, ala ndiyo inayobeba uzito.

Fuko. Ni nyundo ya hewa yenye umbo la kombora, inayojipigia njia ardhini kama yule mnyama mchimbaji. Hutumiwa kwa mabomba membamba ya maji au tawi la nyumba moja. Haitoi udongo, inausukuma kando. Kwa hiyo likipita karibu na uso wa ardhi, sakafu ya juu yake huweza kuinuka. Likikuta jiwe, hupotea njia.

Utoboaji elekezi. Kwenye tangazo utaona herufi HDD. Fimbo ndefu huingia ardhini kwa mshazari, hupinda, hupita chini ya mto au barabara, kisha hutokea ng'ambo. Mtu hutembea juu na kipokezi mkononi akisoma kichwa cha fimbo kiko wapi na kina gani. Kazi ni hatua tatu: tundu tangulizi, kisha kupanua tundu, kisha kuvuta bomba kurudi nalo. Mmarekani Martin Cherrington ndiye aliyevusha bomba hivi chini ya mto Pajaro, California, mwaka 1971. Kwetu ndiyo njia inayojulikana kwa kupitisha nyaya za intaneti chini ya lami. Kwa maji ya shinikizo ni nzuri. Kwa maji taka yanayoteremka yenyewe, mwambie mhandisi akuonyeshe vipi atahakikisha halifanyi tumbo.

Bentonaiti. Ni udongo laini sana unaochanganywa na maji ukawa kama uji. Hupoza kichwa cha mashine, hubeba vumbi la mchimbo kutoka nje, na hushikilia kuta za tundu zisiporomoke. Si sumu kali, lakini si kitu cha kumwagwa mtoni.

MANENO YA KUFUFUA BOMBA KUUKUU

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mabomba mengi ya mijini yamefika hapo. Habari njema ni kwamba bomba bovu si lazima lifukuliwe.

Uchunguzi wa kamera. Kigari kidogo chenye kamera hupita ndani ya bomba na kuonyesha nyufa, mizizi na viungo vilivyoachana. Kabla yake bomba huoshwa kwa maji ya shinikizo. Mkazi ana haki ya kuuliza picha za kabla na za baada ya kazi. Hizo ndizo ushahidi.

Bomba ndani ya bomba. Bomba jembamba la plastiki huingizwa ndani ya lile kuukuu, na pengo la kulizunguka hujazwa uji wa saruji. Ni rahisi, lakini njia hupungua upana.

Soksi. Kwenye tangazo ni herufi CIPP. Kitambaa kilicholoweshwa gundi maalumu huingizwa ndani ya bomba bovu, hujazwa maji au hewa kikajibana na kuta, kisha hukaushwa kwa maji moto, mvuke au taa maalumu hadi kiwe kigumu. Unapata bomba jipya ndani ya lile la zamani. Mwingereza Eric Wood aliifanya mara ya kwanza London mwaka 1971, katika bomba kuukuu la matofali. Baadhi ya gundi zake hutoa harufu kali kama ya karakana ya maboti ya faiba. Harufu hiyo ikipanda kupitia chooni, fungua madirisha, toa watoto nje na uwaite wahusika. Usiambiwe ni kawaida ukanyamaza.

Kufungua matawi. Soksi ikipita huziba midomo yote ya matawi ya nyumba. Mashine ndogo hurudi ndani kuikata na kuifungua tena. Wakisahau tawi lako, choo chako kitakuambia jioni ile ile. Kwa hiyo kabla ya kazi hakikisha tawi lako limehesabiwa na kuwekwa alama.

Kupasua bomba. Kichwa cha chuma huvutwa ndani ya bomba kuukuu, hulipasua, husukuma vigae vyake kando, na huvuta bomba jipya nyuma yake. Faida yake ni kwamba bomba jipya laweza kuwa pana kuliko la zamani. Waingereza waliianzisha kwa mabomba ya gesi mwishoni mwa miaka ya 1970. Hatari ni mabomba ya jirani: likiwepo bomba la maji safi karibu sana, huweza kupasuka nalo.

Kuhamisha maji kwa muda. Wakati bomba linatengenezwa, maji taka hayasubiri. Hupigwa pampu kupitia bomba la juu hadi chemba ya mbele. Uliza nani analinda pampu usiku na mafuta yakiisha itakuwaje. Pampu ikizimika, maji hayo hutafuta mlango wa karibu.

MANENO YA MADHARA

Haya ndiyo yanayosemwa kwa sauti ndogo barazani, na ndiyo yanayotaka kusikika zaidi.

Kutitia. Ardhi hushuka kwa sababu udongo uliotolewa chini ni mwingi kuliko nafasi ya bomba. Dalili zake ni ufa mpya ukutani, mlango unaokwama, sakafu inayoinama. Katika udongo mweusi wa Kisumu nyufa huja hata bila mradi wowote, na hapo ndipo hoja hukatwa. Dawa ni moja: piga picha za kuta zako zenye tarehe kabla kazi haijaanza, na umtake mkandarasi naye apige zake. Bila picha, ufa wako hauna umri.

Kuumuka. Kinyume cha kutitia. Ardhi hupanda kama unga wa mahamri kwa kusukumwa kutoka chini. Lami huvimba, vigae hung'oka.

Matope kutokea juu. Uji wa bentonaiti ukisukumwa kwa nguvu kupita kiasi hupata ufa na kutokea uani kwa mtu, au mtoni. Mtoni huwa mzito kwa samaki na mayai yao. Tukumbuke kuwa maji ya mto Auji huelekea ziwani, na matete ya Dunga ni malezi ya samaki.

Kupenya na kuvuja. Chombo kisicho na kalafati nzuri huingiza maji. Bomba lenye viungo vibovu ni vivyo hivyo. Likiwa chini ya kimo cha maji ya ardhini, maji hupenya ndani na kujaza mtambo kwa kazi ya bure. Likiwa juu yake, maji taka huvuja nje. Manyatta na Nyalenda kuna watu wanaotumia visima vifupi. Kwao uvujaji hauonekani, ila hunywewa.

Kukausha shimo. Ni kupiga pampu maji ya ardhini ili shimo la kazi liwe kavu. Wakati huo kisima cha jirani chaweza kushuka, na ardhi ya pembeni kutitia. Uliza maji hayo yanamwagwa wapi.

HAKI NA MASWALI

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 43 inataja usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa pamoja na maji safi na salama. Kwa maoni yangu, tangazo la mradi lililoandikwa Kiingereza kitupu likabandikwa kwenye mlango wa ofisi halijamfikia mwenye haki hizo. Mwananchi hawezi kukubali wala kukataa neno asilolijua.

Kwa hiyo, likija baraza mtaani kwako, uwe Kondele au Kibokoni, uliza haya. Mashimo yatakuwa wapi na yatafungwa lini? Bomba litapita kina gani chini ya nyumba yangu? Tawi langu litaungwa, na kwa gharama ya nani? Nani atapiga picha za kuta kabla ya kazi? Ikitokea ufa au matope, nampigia nani simu, na atafika baada ya muda gani? Mfanyabiashara aliyezibiwa njia atafidiwa vipi? Majibu yaandikwe na yasomwe kwa lugha ya mtaa kabla watu hawajaondoka.

Sisemi haya kuipinga njia yenyewe. Nimeona mitaro ya kawaida ikikaa wazi masika nzima, watoto wakiangukia ndani na nyumba zikikosa mlango. Mashimo mawili yaliyozungushiwa uzio ni afadhali kuliko kichochoro kizima kupasuliwa. Lakini mashimo mawili ni mawili, na mkalimani hana ruhusa ya kuyafuta kwa ulimi wake.

Yule mama alirudi kibandani kwake, na bado ananiuzia omena. Siku chache zilizopita aliniuliza kama kweli kuna bomba jingine linakuja upande wa chini. Nikamwambia sijui bado, lakini likija nitamwambia mashimo yako wapi. Akapima omena, akaongeza kidogo juu ya kipimo, akasema, "Na safari hii hesabu vizuri."